Kipima Mwanga cha Mzee Nasor

Mwalimu Clotilda alikuwa na tabia moja aliyoihesabu kuwa fadhila: hakuweza kuliacha swali la mtu lilale njaa. Watu wa Mtaa wa Msimbazi, ambako mumewe Severine aliuza mablanketi na majembe kwa jumla, walijua kwamba ukimwuliza mwalimu yule kwa nini chuma huota kutu, utachelewa kufika sokoni.

Kwa hiyo alifurahi sana, siku moja ya mwaka 1955, jirani yao Mzee Nasor, mpiga picha, alipomwita studioni kumwonyesha kidude alichokinunua kwa baharia bandarini. Kilienea kiganjani. Mbele kilikuwa na kioo chenye vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, na juu yake mshale mwembamba kama unywele.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hiki ni kipima mwanga. Nikikielekeza dirishani, mshale unapanda, nikikifunika, unalala. Nimekifungua, hakina betri. Sasa nani anausukuma? Majirani wanasema jini."

"Jini gani huyo anayefanya kazi bila ubani?"

Mzee Nasor alicheka, akakisogeza kidude karibu na uso. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Zamani alitupa jicho ukutani tu, akajua lenzi aiache wazi kwa muda gani. Sasa kila picha ilikuwa bahati nasibu.

Clotilda alilijua jibu. Alikuwa amesoma gazetini kwamba mwaka uliotangulia wataalamu wa Marekani walitengeneza vibamba vya silikoni, kitu kinachopatikana katika mchanga, vikatoa umeme kwa kupigwa na jua tu. Mchanga na jua! Nchi hii ilikuwa na nini kingine kwa wingi kuliko hivyo? Tangu siku hiyo alikuwa akiwaona, katika mawazo yake, wasichana wa kila kijiji wakisoma usiku kwa taa zilizowashwa na mchana. Angeweza kumweleza mzee jambo lenyewe, hatua kwa hatua. Lakini aliitazama kanzu yake iliyopauka na kofia yake, akaamua kumrahisishia.

"Ndani mna bamba la seleniamu, Mzee. Chakula chake ni mwanga. Likila, linatoa umeme, na umeme ndio unaousukuma mshale. Likila zaidi, linatoa zaidi."

"Kumbe linakula!"

"Linakula."

Akarudi nyumbani ameridhika, kama mtu aliyetua mzigo mahali pake.

Mama yake Mzee Nasor, Bi Mauza, alikuwa hajapigwa picha maisha yake yote. Alisema sura ya mtu si nguo ya kutundikwa ukutani. Lakini mwezi ule aliamua kurudi kwao Pemba, akazeekee kwa dada yake, na mwanawe alipomsihi sana alikubali: picha moja, asubuhi ya safari, basi. Clotilda aliitwa uani amsaidie bibi kuketi.

"Leo kimeshiba," Mzee Nasor alimnong'oneza, akikipapasa kipima mwanga. "Juma zima nimekilisha."

Clotilda alicheka, akidhani ni utani.

Mzee alikielekeza kwa mama yake. Mshale ulijikongoja kidogo, ukasimama chini kabisa. Akakunja uso.

"Ajabu. Macho yangu haya mabovu yananiambia ua umejaa mwanga. Hiki kinasema giza. Nifuate kipi, mwalimu?"

"Kifuate kipimo, Mzee. Macho huchoka, sayansi haichoki."

Basi akamkabidhi Clotilda kile kidude amshikie, akaifungua lenzi, akaanza kuhesabu taratibu. Midomo ya Bi Mauza ilikuwa ikicheza kwa dua.

"Nasor! Unanipiga picha au unangoja nife?"

"Tulia, mama. Bado kidogo."

Meli iliondoka alasiri. Jioni filamu ilitoka kwenye dawa ikiwa nyeusi kama mkaa. Mwanga ulikuwa umezidi mno. Picha aliyoisafisha ilionyesha buibui, kila kunjo mahali pake. Pale pa uso palikuwa na weupe mtupu. Mzee Nasor alijipa moyo: angemfuata mama yake baada ya Idi, ambembeleze tena. Habari ya msiba ilimfikia kabla mwezi haujaandama.

Clotilda alikwenda matangani. Wageni walipopungua, Mzee Nasor alikitoa kipima mwanga mfukoni.

"Mwalimu, labda sikukilisha vya kutosha. Mshale wake ulikuwa dhaifu tangu nilipokinunua. Nikawa nakianika juu ya bati kila siku, asubuhi hadi magharibi, kama unavyomnywesha mgonjwa uji."

Clotilda alikipokea kile kidude.

"Hakili, Mzee," alisema. "Nilikueleza vibaya."

Safari hii hakufupisha. Alimweleza kwamba mwanga huja kwa vifurushi vidogo mno, na kifurushi kikilipiga bamba huweza kuibandua chembe ya umeme, elektroni, kutoka mahali ilipokaa. Pale bamba linapogusana na utando mwembamba wa metali, pana kitu kama mlango wa soko siku ya msongamano: aliyesukumwa akapita hawezi kurudi alikopitia, sharti azunguke barabarani. Barabara yenyewe ni waya, na chembe zikipita humo ndipo mshale unaposukumwa. Mwanga ukikoma, msukumo nao unakoma. Hakuna tumbo wala ghala. Na joto la bati huliharibu bamba, lisiweze tena kazi yake hata juani.

Mzee Nasor alisikiliza hadi mwisho.

"Mlango wa soko," alisema polepole. "Hilo ningelielewa, mwalimu. Mimi mtu wa Kariakoo."

"Nisamehe, Mzee."

"Na mimi ningeyafuata macho yangu." Aliichukua picha, akaisogeza karibu na uso wake, kisha akampa. "Siku ile sikumwona vizuri, kwa ukungu huu. Wewe una macho mazima, na ulisimama karibu naye. Hebu nieleze. Alikuwaje usoni? Alikasirika, au alitabasamu?"

Clotilda alifumba macho ili akumbuke. Aliuona ua. Aliliona buibui. Alipojaribu kupanda juu zaidi, aliuona mshale tu, umelala chini ya kioo kiganjani mwake, ule ambao hakuuondolea macho muda wote.