Kopo la Kurudi

Asubuhi moja ya Jumatatu, Raheli alifungua ofisi iliyokuwa nyuma ya soko la Lushoto, akapangusa umande kwenye taipureta kwa kipande cha kanga, na akaikuta barua aliyoituma wiki iliyopita imelala juu ya meza. Bahasha ilikuwa imechanwa vizuri kwa juu, kama wafanyavyo watu wa ofisini, na stempu ilikuwa na mhuri wa mji wa pwani. Ilikuwa mara ya tatu kurudi. Raheli akaitia kwenye droo pamoja na zile mbili za kwanza, kisha akaenda kumchemshia mkuu wake chai.

Barua hiyo ilikuwa ya wazee wa Kwemtindi, kijiji alichokaa mama yake, Secilia. Ulikuwa ule mwaka ambao kila mtu alitakiwa akae kwenye kijiji cha pamoja, na ofisi ya juu ilikuwa imetazama ramani ikaona kwamba Kwemtindi kimeng'ang'ania ubavu wa mlima kama kupe. Iliamua kishushwe tambarare, kwenye joto na mkonge, mahali ambapo hata trekta lingeweza kugeuka. Ofisi ya juu, ieleweke, ilikuwa chini kabisa, karibu na bahari. Ofisi ya chini ndiyo iliyokuwa juu, Lushoto, kwenye ukungu. Watu walishazoea.

Malori yangekuja baada ya mavuno ya maharage. Kabla ya hapo wazee walikuwa na haki ya kuomba waachwe, mradi ombi lipigwe taipu. La mkono halikupokelewa.

Issa, kondakta wa basi la Mombo, alipita ofisini kuulizia kama kuna vifurushi vya kushusha.

"Dada Raheli, barua yako ilipanda tena jana," alisema. "Ilikaa kiti cha nyuma, haikumsumbua mtu. Nauli nimeisamehe."

"Ahsante, Issa. Ilikuwa na hali gani?"

"Imechoka kidogo. Safari ndefu ile."

Mkuu wa ofisi, Ndugu Athumani, mtu mwenye kitambi cha adabu na kalamu tatu mfukoni, mbili kati yake haziandiki, ndiye aliyemweleza Raheli kisa chenyewe. Ofisi ya juu ilikuwa inabana matumizi. Zamani kila mstari ulipoisha ulifanya mambo mawili: ulirudi mwanzo wa karatasi, kisha ukashuka. Sasa wao walishuka tu. Kurudi walikuwa wameona ni anasa, na mashine zao zote zilikuwa zimeondolewa tabia hiyo.

"Sisi bado tunarudi," alisema Ndugu Athumani, akipuliza chai. "Kwa hiyo barua yetu ikifika kule, ikisomwa mpaka mwisho wa mstari wa kwanza, inakuta neno la kurudi, inatii. Inasimama mezani, inarudi. Barua ina nidhamu kuliko wewe, maana wewe Ijumaa ulichelewa."

Taipureta ya Lushoto haikuweza kubadilika. Wajerumani walipoondoka waliacha vitu viwili visivyoharibika, makaburi yao na mashine hiyo. Mstari ulipofika ukingoni, kengele ililia, Raheli akavuta mkono wa chuma, na karatasi ikarudi na kupanda kwa mpigo mmoja. Kwake yeye kurudi hakukuwa anasa. Alikulia kwenye mashamba ya ngazi zilizochongwa mlimani, na mama yake alimfundisha kulima namna hiyohiyo. Ukifika mwisho wa ngazi unaweka jembe begani, unarudi mwanzo mikono mitupu, ndipo unashuka ngazi inayofuata. Anayelima huku akirudi ni mvivu, na mvua ya kwanza huhamishia shamba lake kwa jirani.

Basi akachukua wembe. Alipiga upya barua ya wazee, akaitandaza mezani, akaanza kukwangua mwisho wa kila mstari. Kurudi hakuonekani kwa macho, lakini kwa wembe kunapatikana. Vilidondoka vidudu vyeusi, vidogo kama utitiri wa kuku, na vyote vilielekea kushoto. Raheli hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alivikusanya kwenye kopo tupu la majani ya chai ya Mponde, akalifunga. Kopo likaanza kusogea kushoto taratibu juu ya rafu, mpaka likagota ukutani na kutulia.

Barua ikashuka na basi la Issa. Jumatatu haikurudi. Jumatatu iliyofuata haikurudi pia, na Raheli akaimba kutwa nzima, hata Ndugu Athumani akamwomba apunguze kidogo, kwa sababu ilikuwa ofisi ya umma.

Jibu lilikuja maharage yakiwa bado juani. Lilikuwa jibu zuri. Ofisi ya juu ilisema imepokea ombi, imelisoma lote, na imependezwa na usafi wa kazi na unyofu wa mistari. Kwemtindi kingehama Alhamisi.

Ila jibu lilikuwa limepigwa kwa mtindo wa kule, kushuka bila kurudi. Kila mstari ulianza pale mwenzake alipoishia, hatua moja chini. Mstari wa tatu ulikuwa umeshatoka nje ya karatasi. Wa nne ulishuka mguu wa meza, ukapita chini ya mlango, ukakata soko katikati. Mama mmoja alisogeza fungu lake la karoti ili sentensi ipite. Iliendelea kuteremka mlimani, neno baada ya neno, ikakatiza mgomba wa Secilia na ngazi zake zote, ikaishia huko tambarare kwa sahihi na mhuri mpana kama uwanja wa kupuria mpunga. Ndugu Athumani alitoka barazani akaiangalia ilivyoteremka.

"Angalau hawatauliza njia," alisema.

Raheli aliifuata ile barua mpaka kwa mama yake. Alimkuta Secilia amekalia jiwe la mwisho wa ngazi, miguu yake ikining'inia juu ya neno "kutekeleza."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wameisoma?"

"Wameisoma. Wameisifu."

Secilia akacheka, akafuta jasho. "Heri ilipokuwa inarudi. Kidogo tulikuwa na tumaini."

Raheli akalia. Aliona aibu na hasira kwa pamoja, hakujua aanze na ipi, kwa hiyo alilia kwa zote mbili. Alikuwa ameyakwangua marejeo ya watu wake kwa mkono wake mwenyewe, na kwa uangalifu mkubwa. Mama yake alimwacha amalize, kisha akamtuma akateke maji. Alhamisi, malori yalipokuja, Raheli alimpakia mama yake jembe, chungu, godoro, na lile kopo, akamweleza kilichomo.

Tambarare ilikuwa tambarare kweli. Secilia alilima mstari wake wa kwanza, akafika mwisho, akaweka jembe begani, akarudi mwanzo, akanyanyua mguu kushuka. Hapakuwa na mahali pa kushukia. Akafungua kopo, akatoa kidudu kimoja, akakiweka mwisho wa mstari. Akajikuta amesimama ngazi ya juu kabisa ya Kwemtindi, jembe begani, ukungu ukimlowesha kichwa. Akapalilia viazi vyake, akalala nyumbani.

Baada ya siku chache lori lilimfuata.

"Shikamoo, mama," alisema dereva. "Tumekuja tena."

"Marahaba. Ngoja nifunike chungu."

Majirani wakaanza kumwomba Secilia kidudu kama mtu anavyoomba chumvi. Mmoja alirudi kuangalia nyuki wake, mwingine kugombana na shemeji. Kila kidudu kilifaa mara moja tu. Ofisi ya juu haikushangaa. Ilitenga lori maalumu la kuwashusha wanaorudi, pamoja na dereva, turubai na dizeli, na gharama yake ikapita mbali kile kilichookolewa kwa kuacha kurudi. Kwa hiyo ikatangazwa awamu nyingine ya kubana matumizi. Fundi akapanda Lushoto, akaing'oa tabia ya kurudi kwenye taipureta ya Wajerumani, akaondoka nayo kwenye gunia. Tangu hapo Raheli alirudisha karatasi kwa kuisukuma na kiganja, na kurudi huko hakukuacha chochote cha kukwangua.

Mwaka uliofuata alishuka kumwona mama yake. Secilia alikuwa amekonda na amekuwa mweusi zaidi, na alikuwa ameshajifunza kulaani kwa Kizigua, lugha ya huko tambarare. Raheli alipotikisa kopo, kikasikika kidudu kimoja tu.

"Kitumie, mama. Urudi, ukalale kwako hata siku mbili."

"Nirudi nishushwe? Mgongo wangu haulitaki tena lile lori."

"Sasa unakiwekea nini?"

"Siku nikifa mtanifumbatisha hicho mkononi. Baba yako amezikwa kule mgombani, nafasi yangu ipo ubavuni kwake." Secilia akamnyang'anya kopo. "Maiti hawaishushi. Nilimuuliza dereva. Alisema hana maelekezo."

Akalirudisha chini ya kitanda, upande ulioelekea mlimani, na kulizuia kwa jiwe, maana bado lilikuwa linasogea.