Kimraba cha Kijani

Mpigapicha aliipanga familia sebuleni: kaka yake Shangazi na mkewe kwenye kochi, mhitimu katikati yao na joho lake, wadogo zake chini kwenye zulia. Shangazi alisimama nyuma karibu na pazia, kama kawaida yake. Na kama kawaida yake, alikuwa na ukungu. Ulimwanza mwaka aliohamia kwa kaka yake kulea watoto, na siku hizi hata ukimsogelea huoni pua yake inaanzia wapi. Nyumba nzima ilishazoea. Chai yake haikuwa na ukungu, wala chapati zake.

Lakini leo Shangazi alivaa hereni. Huyo mhitimu ni yeye aliyemlea tangu nepi, na alitaka sana, walau mara hii moja, aonekane ukutani.

Kwenye kioo cha nyuma cha kamera, vimraba vya kijani vilirukia nyuso zote, vikampita.

"Hii hali ya kutafuta nyuso ina upendeleo," mpigapicha alisema. "Inashika walio mbele. Ngoja niweke ya nukta moja, nichague mwenyewe."

Akagusa kioo kwa kidole, pale penye ukungu. Kamera ikalia pii. Shangazi akatokeza pale pale penye pazia: hereni, makunyanzi, kidoti juu ya mdomo.

"Kumbe una kidoti, dada?" kaka yake akauliza.

"Tangu kuzaliwa, kaka."

Alifurahi, jamani, mpaka akajishika mashavu. Ila sasa wa mbele ndio walioingia ukungu. Wifi yake alijitazama kwenye simu, akautafuta wanja alioupaka asubuhi nzima. Wapi!

"Haya, tumecheka vya kutosha. Turudishe," wifi akamwambia mpigapicha.

"Hilo dogo," mpigapicha akasema. "Shangazi aje mbele, akae nanyi mstari mmoja. Wote mtatoka safi."

Wakalitazama kochi. Lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na mkoba wa wifi umekaa hapo. Mhitimu akatazama viatu vyake.

"Kochi limejaa," kaka mtu akasema kwa upole.

"Basi nipige mimi kwanza," Shangazi akamwambia mpigapicha, "kabla hujanirudisha."

Akapigwa. Kisha vimraba vikarudi kochini na ukungu ukarudi penye pazia, na hakuna aliyelalamika. Picha ya familia ilitundikwa sebuleni. Ya Shangazi ilitiwa fremu nzuri zaidi, maana kaka mtu si bahili, ikatundikwa jikoni, ambako haingii mtu mwingine.