Dawa Iliyomsimamisha Isimbi

Mukandayisenga alivuka mto Rusizi mwishoni mwa mwaka 1996, binti yake mchanga mgongoni, mikono mitupu. Alizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, na akaolewa Bukavu. Vita vilipoanza, watu wenye bunduki walimkamata mumewe, Damascène, uani kwao, mchana, jua linawaka na majirani wanatazama. Hakurudi. Tangu siku hiyo mwanamke huyu aliamini kwamba kinachoonekana nje ndicho kinachochukuliwa.

Kaka yake, Cassien, alikuwa ametangulia kurudi Rwanda, nchi ya wazazi wao. Alimpokea Nyakabuye, katika nyumba yake ya tope na mabati. Cassien alikuwa akishuka kila asubuhi kwenda kupakia saruji kiwandani Bugarama. Dada yake alibaki ndani, mbao za madirisha zimefungwa, mtoto Isimbi juu ya mkeka. Hata kumnyonyesha alimnyonyeshea gizani.

Mtoto alikua, ila hakusimama. Miguu ilipinda kama pembe za ng'ombe, vifundo vya mikono vikavimba, kichwa kikawa kinatoa jasho hata wakati wa baridi.

"Dada, mutoto huyu atakuwa kilema," Cassien alimwambia. "Na ni weye unamufungia."

"Heri kilema mwenye uhai."

Cassien alimnyanyua Isimbi, akatoka naye kwenda kituo cha afya, mama akiwafuata nyuma analia, kitenge amejifunika mpaka machoni.

Muuguzi, mama wa makamo aliyeitwa Honorine, alimpapasa mtoto mbavu na magoti. "Huyu analiona jua?" aliuliza. Cassien alimtazama dada yake. Muuguzi naye akamgeukia. "Mifupa yake iko laini, Maman. Ni matege. Nitamupa ampuli moja ya vitamini D, kichupa hiki, atainywa. Umupe na maziwa, na kila asubuhi umutoe nje. Dawa hii tunaijua. Kwa mifupa ya batoto, inasaidia kweli."

"Nje?"

"Nje, Maman."

Mwanzoni Mukandayisenga alikaa kizingitini tu, mgongo kauelekeza barabarani, mtoto mapajani, akimkumbatia kila gari lilipopita. Miezi ikaenda. Jioni moja Isimbi alishika mwimo wa mlango, akajivuta, akasimama. Cassien, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika, nyusi nyeupe kwa vumbi, alikaa chini palepale akacheka mpaka akakohoa.

Kikohozi hicho hakikuisha. Kilipoanza kutoa damu, akapimwa, akakutwa na kifua kikuu. Honorine akamwanzishia vidonge vya kunywa miezi mingi. Vidonge vilimtapisha, vikamkosesha hamu ya chakula. Akawa anamtazama mpwa wake akijikongoja uani, na kujiuliza: kama dawa ile iliweza kusimamisha mifupa iliyokuwa kama ugali, kifua kingeishinda vipi?

Alikwenda kumuuliza Honorine.

"Papa Cassien, zamani, kabla vidonge hivi vipatikane, bagonjwa ba kifua balikuwa banalazwa juani. Bengi balikufa tu. Siku hizi utasikia vitamini hii inaponyesha sukari, presha, kansa, hata huzuni. Kusema ni rahisi. Mimi sijaona muntu aliyepona kifua kwa hiyo. Kunywa vidonge vyako."

"Lakini haiwezi kusaidia hata kidogo?"

"Hata kidogo? Sijui. Nikisema ndiyo, nitakuwa nakudanganya. Lakini vidonge usiache."

Katika maneno yote hayo Cassien alirudi nyumbani na neno moja tu: sijui. Muuguzi hajui, basi huenda ikasaidia.

Alimsihi dada yake akamnunulie ampuli Bukavu. Naye, aliyeapa kutoikanyaga tena Bukavu, alivuka daraja la Rusizi II kwa ajili yake, akapita mbele ya askari wa mpakani. Sokoni muuzaji alimfungulia boksi. "Hizi, Maman? Zinaponyesha yote! Kifua, figo, mpaka wazimu." Alinunua kwa sababu uso wa yule mtu haukuwa na shaka hata chembe.

Cassien aliacha vidonge, akawa anakunywa ampuli kila siku. Kwa kuwa kichefuchefu kilikoma, alijiona amepona. Kisha kikaja kiu. Alikuwa akimaliza mtungi na kuomba mwingine, akatapika, akaanza kumwita dada yake kwa jina la mama yao.

"Dawa iko inapigana na ugonjwa," Mukandayisenga alijiambia, akamvunjia ampuli nyingine.

Honorine alipoona mgonjwa wake haji tena kuchukua vidonge, alipanda mlima kumfuata. Akakuta vichupa vitupu vimejaa kikapuni.

"Nani alimupa hizi zote?"

"Ni mimi."

Hakumgombeza. Aliita majirani, wakambeba Cassien kwa machela hadi barabarani. Hospitalini mjini daktari alisema kifua kimeliwa mno, na vitamini iliyozidi imeharibu figo. Cassien alikufa kabla ya mpunga kuvunwa.

Matanga yalipoisha, jirani yao Vénantie alikuja, akakaa, kisha akasema: "Maman Isimbi, zile ampuli zilizobaki, hauwezi kunigawia? Mume wangu ana presha. Na sisi sote tuliona vile mutoto wako alisimama."

"Zilimusimamisha Isimbi kwa sababu mifupa yake ilizikosa," Mukandayisenga alijibu. "Kaka yangu hazikumusaidia. Peleka mume wako apimwe."

Vénantie aliinuka bila kuaga. Alipofika kisimani akawaambia wenzake: yule aliyetoka Bukavu anaficha dawa, mutoto wake amepona, sasa anatunyima sisi. Baadaye wachache tu walimsalimu.

Honorine aliwapima mama na mtoto kwa sababu walikaa nyumba moja na mgonjwa. Mama alikuwa mzima. Isimbi, kwa udogo wake, alipewa vidonge vya kumkinga na kifua kikuu. Vilikuwa vichungu, alivitema. Mukandayisenga alimsagia katika uji, akamshika kidevu, akangoja mpaka ameze, kisha akamfungua kinywa atazame kama kweli amemeza.