Pembe Mbili za Shamba la Mama

"Chimba tena," mama alisema. Nikachimba, ingawa shimo lilikuwa limekwisha kunifika magotini na ndani hamkuwa na kitu ila tope.

Ilikuwa Maparoni, mwaka tisini, wiki tatu baada ya mafuriko. Mto ulikuwa umefagia majaruba ya mpunga pamoja na mipaka yake. Ijumaa kamati ya kijiji ingeandika mashamba, kwani siku hizo biashara ilikuwa imefunguliwa na kampuni moja ya kufuga kamba wa baharini ilikuwa ikitafuta ardhi. Shamba lisilojulikana pembe zake nne lingehesabiwa pori, likachukuliwa. La mama, la mstatili, lilikuwa limebaki na mbili za kukabiliana kimshazari: mnazi huku, nguzo ya mti wa mkandaa kule. Marehemu baba, Amri, alikuwa amezika makaa kwenye kila pembe, kwa sababu makaa hayaozi.

Nami nilikuwa mwalimu mpya wa hesabu, na kichwa changu kikubwa. "Pembe mbili zinatosha," nilimwambia Mzee Huseni, jirani yetu, aliyekuja kutazama. Huku kwetu kila mtu hupanga jaruba kwa kufuata mto, basi nami daftarini nikaufuata. Mnazi nikaufanya sifuri. Kutoka hapo mpaka kwenye nguzo, hatua sabini sambamba na mto, kumi na saba kuupa mgongo. Nikazipata pembe zilizopotea, nikachimba zote mbili. Tope tupu!

"Mwalimu," Mzee Huseni akacheka, "hata kaa huchimba kwa mpango."

Nililia, sifichi. Nilimwona mawazoni mama akilipita shamba lake mwenyewe kama mgeni, na mimi na kalamu yangu sina la kumsaidia.

Adhuhuri ikaingia. Mama akatawadha, akatandika mkeka wake palepale penye mnazi, alipozoea kusalia kila msimu wa kupanda. Nikaukodolea macho mkeka ule. Ulikuwa umekaa upogo, haukulingana na mto. Alipotoa salamu tu nikamrukia.

"Mama, baba alipima shamba kwa kufuata nini?"

"Kibla," akasema, akinishangaa. "Mto unahama, Zuena. Kibla inahama?"

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Ulikuwa na daftari."

Mpaka leo, mvi zimeniota kichwani, sichori mhimili ubaoni kabla sijawauliza wanafunzi wangu tunafuata nini.

Nikafunga kamba kwenye mnazi, nikaivuta sambamba na ubavu wa mkeka. Sasa nguzo ikawa hatua sitini mashariki, arobaini kuelekea kibla. Basi pembe moja ilikuwa arobaini moja kwa moja mbele ya mnazi, na nyingine sitini kuume kwake, mashariki. Kwenye ile ya kwanza nilipiga jembe mara tatu, udongo ukatoka mweusi. Mzee Huseni akainama, akaokota kipande, akakisugua kiganjani. Hakucheka tena.

"Makaa ya Amri haya," akasema. "Nitashuhudia."

Nikaifuata ya mwisho. Hatua ya hamsini na moja, nchi kavu ikaisha. Tisa zilizobaki zilikuwa mtoni.

Ijumaa karani wa kamati aliandika pembe tatu, kisha akainua kalamu. "Hii ya nne imo majini. Niandikeje?"

Nikafungua mdomo nieleze hesabu yangu. Mama akanitangulia.

"Iandike ilipo. Mto ukirudi kwao, uikute."