Ubeti wa Nne wa Tamima

Qais, mpiga fidla wa mtaa wa Malindi, Unguja, alikuwa akinyolewa pale Darajani aliposikia sauti ya marehemu Tamima, mwimbaji mwenzake, ikitoka kwenye simu ya kinyozi. Ulikuwa wimbo wao wa mwisho. Walirekodi beti tatu tu, kisha Tamima akaugua, asiinuke tena.

"Umeupata wapi huu?"

"Nlitumiwa kwenye grupu la watsap," kinyozi akamjibu. "Sasa Unguja nzima wanarushiana."

Ubeti wa tatu ukaisha. Qais akangojea wimbo ukatike, lakini fidla ikaendelea, kwa mkono wake mwenyewe, na Tamima akaingia ubeti wa nne. Maneno yale Qais hakuyajua.

Akaomba arushiwe, akaenda nyumbani mbio kufungua rekodi ya asili kwenye kompyuta yake. Beti zilikuwa tatu. Akaisikiliza ile ya kinyozi mpaka mwisho. Baada ya ubeti wa nne muziki ulinyamaza, na Tamima akaita taratibu, kama alivyozoea kumwita mazoezini.

"Qais?"

"Naam, Tamima," aliitika kabla hajafikiri.

Simuni ikasikika pumzi ndefu ikishuka, kama ya mtu aliyengoja sana. Kisha fidla ikaanza ubeti wa tano.