Uso wa Miaka Themanini

Miaka yangu miwili ya kwanza katika karakana ya Krause ya nyuso bandia za filamu, huko Sun Valley, niliosha ndoo na kufagia vumbi la plasta. Miaka tisa iliyofuata nilijifunza kupandikiza nywele moja moja kwa sindano, kumimina silikoni, na kubandika sura bandia usoni mwa mtu hadi kamera isijue ngozi inaishia wapi. Yesenia Barragán alikuja katika mwaka wangu wa nane. Alitoka Pomona, ambako alikuwa akiwachora watoto nyuso za chui kwenye sherehe za kuzaliwa. Baada ya miaka mitatu tu, Krause alimpa yeye uso wa miaka themanini.

Filamu moja ilihitaji mwigizaji wa miaka arobaini azeeke maradufu. Krause alitugawia kazi mwanzoni mwa mwezi, akiwa amesimama, kwa kuwa hajawahi kutoa amri akiwa ameketi.

"Yesenia anachonga. Jaribio la kamera ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi. Likipita, ataongoza idara yetu huko Albuquerque, filamu inakopigwa, miezi mitano. Talin, wewe ni akiba."

"Akiba ya nini, bosi?"

"Akivunjika mkono."

Wenzetu walicheka. Nami nilicheka, ila nilichelewa kidogo.

Kuongoza idara ndicho kitu nilichokuwa nikikisubiri tangu siku za ndoo. Kwa hiyo kila Yesenia alipotoka kwenda kula, mimi nilikwenda kuutazama uso aliokuwa akiuchonga kwa udongo. Nilitafuta kosa. Nilikuta ndewe ya sikio ameivuta chini na kuipasua kidogo, kama ya mwanamke aliyevaa hereni nzito kwa miaka hamsini. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Mimi nisingeliwaza. Niliichukia ndewe ile kama mtu anavyomchukia mke mwenza.

"Dada Talin, hebu njoo unitazamie shingo hii," aliniita siku moja. "Naona imezidi. Si imekuwa ya bata mzinga?"

"Iko sawa."

"Iko sawa, basi? Mtu anakuuliza kwa moyo, wewe unajibu kama karani wa benki!"

Shingo ilikuwa bora kuliko yoyote niliyowahi kuchonga. Nilirudi mezani kwangu.

Jumatano ya wiki ya mwisho, kalibu iliyotengenezwa juu ya udongo ule ilikuwa tayari kumiminwa silikoni. Kila mtu wa kazi yetu anajua sheria moja: silikoni hii haivumilii mpira. Kidole chenye glavu ya mpira kikigusa kalibu, silikoni ya hapo haigandi. Hubaki inanata kama asali. Ndiyo maana tunavaa glavu za buluu, zisizo na mpira ndani yake. Siku hiyo boksi la buluu lilikuwa tupu. Yesenia alikuwa na simu sikioni, akibishana na mama yake juu ya gauni la sherehe ya binamu yake anayetimiza miaka kumi na mitano.

"Mama, rangi ya samoni hapana. Nitafanana na samaki wa kopo. Hapana, sijasema wewe ni samaki!"

Bila kutazama, alinyoosha mkono kabatini, akavuta glavu nyeupe za mpira, za mafundi wa vinyago, akazivaa. Kisha akapitisha vidole kwenye kingo zote za kalibu, taratibu, akihakikisha hakuna vumbi.

Nilikuwa hatua sita kutoka kwake, nikiwa na kikombe cha kahawa. Nilihitaji maneno mawili tu: "Yesenia, glavu." Yalikuwa tayari mdomoni. Niliyameza pamoja na kahawa.

Alhamisi saa nne walifungua kalibu. Mashavu yalikuwa mazuri. Kingo zote, kuanzia paji la uso hadi shingoni, zilinata vidoleni. Krause aligusa, akasugua kidole kwa dole gumba.

"Nani ameingiza mpira hapa?"

Nilitarajia machozi, au angalau uongo. Yesenia aliitazama mikono yake.

"Mimi, bosi. Boksi la buluu liliisha, sikuangalia nilichovaa."

Hakuongeza neno. Hata kuanguka alijua, nami niliona wivu kwa hilo pia.

"Talin," Krause alisema, "osha kalibu, umimine upya. Kesho brashi unashika wewe."

Ijumaa nilibandika uso wa Yesenia juu ya mwigizaji kwa saa tatu na nusu. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Mwongozaji wa filamu alimzunguka mwigizaji mara mbili, kisha akainama.

"Tazameni sikio! Na hii shingo! Nani kachonga?"

Hakusema lolote kuhusu kingo zangu. Ukingo mzuri hauonekani, na hakuna anayesifu asichokiona.

Jaribio lilipita. Krause alinipa idara, kwa kuwa aliyeharibu wiki ya jaribio hapewi idara. Akaniambia nichague msaidizi.

"Doyle," nilisema.

"Doyle? Yesenia yuko huru."

"Najua."

Alinitazama, akaandika.

Yesenia alikuwa akinisubiri kwenye maegesho, ameegemea gari lake, na mfuko wa tamale, vile vifurushi vya unga wa mahindi na nyama, mkononi. Alikuwa ameniwekea mbili.

"Hongera, bosi mpya. Nimwambie mama kwamba naenda Albuquerque, ama vipi?"

"Nimemchukua Doyle."

"Acha utani."

"Ukiwa pale nitakutazama wewe, sitatazama kazi. Na Jumatano nilikuona ukivaa zile glavu."

Lori lilipita, tukalisubiri wote wawili lipite.

"Uliniona kabla sijashika kalibu?"

"Kabla."

"Mungu wangu, Talin. Mimi nilikuwa nakuita dada."

"Naweza kurudi ndani nikamwambia Krause."

"Aseme nini? Anipe kazi kwa kunihurumia?" Alifungua mlango wa gari. "Sitaki. Nenda nayo wewe. Huyo Doyle anajua kuchonga?"

"Hajui."

"Basi utachonga mwenyewe," alisema, akaweka mfuko wa tamale, na zangu mbili ndani yake, kwenye kiti cha pembeni, akawasha gari.