Kisu cha Dirishani

Fundi Pilipili alikuwa na sheria moja iliyomletea matusi na heshima kwa pamoja: kisu hakitoki kwenye karakana yake bila kupigwa kwanza. Nyuma ya mlango aliweka magogo yenye mafundo, yale ambayo hata wauza kuni huyakwepa. Mteja akishachagua kisu, fundi alikisimamisha juu ya gogo, makali chini, akakigonga mgongoni kwa rungu mpaka gogo lipasuke au kisu kivunjike. Kikivunjika alikitupa kwenye pipa la vyuma chakavu na kumwambia mteja arudi mwezi ujao. Wenye haraka walimwita mwendawazimu. Wenye kazi za porini, wanaopasua kuni kwa kisu kwa sababu shoka ni mzigo, nao walimwita mwendawazimu, ila wao walirudi.

Jina la Pilipili hakujipa. Alipewa na wateja, na alilistahili. Mtu akiuliza kwa nini kisu ni ghali, alijibiwa kwamba vya bei rahisi vipo sokoni, karibu na majeneza. Asubuhi ile mteja alikuwa shemeji yake, na fundi alikuwa ameshawaka hata kabla mlango haujafunguka.

Shemeji huyu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Dada yake fundi alipofariki, mume alimleta binti yao mdogo kwa mjomba, akasema atamfuata baada ya wiki mbili. Wiki mbili hizo zilikwisha binti akiwa ameota meno ya pili, amemaliza shule, na anajua kufua chuma kuliko vijana wengi waliopita pale karakana. Sasa baba mtu kaacha malori, kajenga nyumba yenye chumba cha ziada, na anamtaka mwanawe. Binti hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba kwanza ataenda porini na baba yake, walale huko siku chache, amjue. Akirudi ndipo atakaposema anakaa wapi. Tangu siku hiyo fundi hakulala usingizi wa maana. Alimpenda mpwa wake kupita kiasi, na alimchukia yule mwanamume kupita kiasi, na vitu hivyo viwili alikuwa hajui tena kuvitenganisha.

"Nataka kisu cha porini," shemeji alisema bila hata salamu. "Kizuri. Naenda na mwanangu."

"Mwanao ana chake. Nilimtengenezea mimi."

"Sikuuliza chake. Nauliza changu."

Binti mwenyewe hakuwepo. Alikuwa dukani ng'ambo ya barabara akinunua kiberiti na betri za tochi. Fundi alivuta pumzi, akaweka visu vitatu mezani, akanyanyua kimoja. Ubapa wake ulikuwa na urefu wa kiganja, mnene mgongoni, na chuma chake kilipita ndani ya mpini mpaka mwisho.

"Hiki," alisema. "Kinapasua kuni, kinachonga vigingi, kinatengeneza samaki. Mpini hautelezi hata ukilowa. Kisu cha porini hakitakiwi kuwa kirefu, kirefu kinakuchosha mkono. Kishike."

Shemeji alikishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake. "Hiki cha kumenyea viazi."

"Kuna watu wanaishi porini kwa hicho."

"Watu wafupi."

Fundi alijikaza kisabuni. Akamwonyesha cha pili, chenye ncha iliyoshuka kidogo. Shemeji akasema kimechoka. Cha tatu akasema kina rangi ya sufuria iliyoungua. Kisha macho yake yakahamia dirishani, yakagota hapo.

Pale dirishani palikuwa na kisu kirefu kilichong'arishwa mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu humo kama kwenye kioo. Fundi alikitengeneza ili wapita njia wasimame. Kila kisu, kikishapashwa moto na kuzimishwa kwenye mafuta, huwa kigumu lakini kinavunjika upesi, ndiyo maana hurudishwa kwenye moto mdogo ili chuma kilegee kidogo na kivumilie kipigo. Hiki cha dirishani fundi hakukirudisha. Moto ungekipaka madoa, naye angelazimika kukisugua upya, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutazamwa, akaona usumbufu wa nini. Mpwa wake alijua. Ndiye aliyekifuta vumbi kila wiki.

"Hicho," shemeji alisema.

"Hicho cha kutazama. Hakiuzwi."

"Unaninyima."

"Nakwambia hakiuzwi, Shemeji."

"Nakujua wewe. Miaka yote hii umeninyima mtoto, sasa unaninyima hata kisu. Unataka nifike kule na kikatio cha viazi, mwanangu anione mimi si lolote. Ndicho unachokitaka!"

Damu ilimpanda fundi mpaka masikioni. Miaka yote umeninyima mtoto! Nani aliyekaa na huyo mtoto akiwa na surua? Nani aliyemsuka nywele kwa vidole vilivyojaa grisi, akachekwa na mtaa mzima? Aliendea dirisha, akakinyakua kile kisu, akakigonga mezani mbele ya shemeji yake.

"Chukua. Bure. Nenda."

Shemeji alikigeuza, akajitazama meno kwenye ubapa. Kisha akakumbuka jambo. "Mbona hukipigi? Nasikia kila kisu hapa unakipiga kwanza."

Hapo ndipo fundi angeweza kuyamaliza. Lakini aliona kichwani mwake kitu kitamu mno: shemeji amechuchumaa porini, anagonga, kisu kinakatika vipande viwili mbele ya binti. Binti anacheka, anatoa chake, anapasua kuni kwa utaratibu kama alivyofundishwa. Hapo atajua nani ni nani.

"Hicho hakihitaji," fundi alisema.

Shemeji alivimba kama mkate wa hamira. Alikiingiza kisu kwenye ala, akakifukia chini kabisa ya begi lake, akasema atamwonyesha mwanawe wakifika. Binti aliporudi kutoka dukani alimuaga mjomba wake kwa kumkumbatia upesi upesi, akaruka ndani ya gari la baba yake, wakaondoka. Fundi alisimama mlangoni, na kwa muda mfupi sana alikuwa na raha.

Raha hiyo ilidumu mpaka alipokwenda kuchukua tupa ya kunolea ukutani. Kwenye msumari wa mpwa wake kilining'inia kisu cha mpwa wake. Hakikuwa kimesahauliwa. Kilikuwa kimepakwa mafuta, ala imefutwa, kamba imekunjwa vizuri, kazi ya mtu aliyeamua. Fundi akakumbuka swali ambalo binti alimuuliza juzi wakati wa kula, naye akalijibu ndiyo bila kulifikiria: "Mjomba, si ni kweli kwamba mwenye kisu ndiye mkubwa wa kambi?" Alikiacha makusudi. Alitaka baba yake awe mkubwa wa kambi, angalau kwa siku hizo chache, mtoto alindwe na babake kama watoto wengine.

Basi porini kisu kilikuwa kimoja tu, na ni kile.

Chuma kigumu kama kile hakivunjiki kwa adabu, kinaruka. Kwenye fremu ya mlango wake kulikuwa na kovu la kipande kilichowahi kuruka na kujikita usawa wa jicho la mtu. Na alijua binti angekaa wapi baba yake akipasua kuni: mbele yake, akimshikia gogo, uso umeinama. Alipiga simu ya mpwa wake, haikupatikana. Ya shemeji hakuwa nayo. Alipewa namba hiyo mara mbili, na mara zote mbili alikataa kuihifadhi kwa kiburi tu.

Alichukua kisu cha mpwa wake, akawasha pikipiki, akaacha karakana wazi, akaelekea kijitoni ambako mpwa wake alimwambia watapiga kambi. Njia nzima alikuwa akijitukana kwa sauti, na kila alipochoka kujitukana alimtukana shemeji, ili asipoteze mazoea. Barabara ilipokwisha aliliona gari lao limeegeshwa. Akaacha pikipiki, akaingia porini kwa miguu akifuata nyasi zilizolala.

Ndipo akasikia: ko, ko, ko. Mtu anagonga.

"Acha!" alipiga kelele. "Acheni! Usigonge!" Alikimbia miiba ikimchana mikono, pumzi zikimkata, akatokeza kwenye uwazi mdogo kando ya kijito.

Shemeji alikuwa amepiga magoti, jiwe mkononi, anapigilia kigingi cha hema. Alimtazama fundi kuanzia viatu vilivyojaa matope mpaka kipara kilichotiririka jasho.

"Haya, mlinzi kafika," alisema. "Hata nusu siku ulishindwa kuniachia?"

Binti alikuwa ameketi karibu na mafiga, mzima, macho yote mawili mahali pake. Kile kisu kilikuwa mapajani mwake, ndani ya ala, na pembeni yake kuni nene zilizokuwa bado hazijapasuliwa. Kumbe baba yake alikuwa ameshamwonyesha, naye akakiomba akishike, na tangu hapo hakukirudisha. Alikuwa anamtazama mjomba wake tu.

Fundi alishukuru kimoyomoyo. Sentensi alikuwa nayo tayari, njia nzima aliisema: nilikupa kisu kibovu makusudi, Shemeji, nirudishie. Alifungua mdomo. Akamwona shemeji yake amesimama, jiwe mkononi, kicheko cha upande mmoja kimeanza kumjia usoni, naye akaibadilisha sentensi.

"Nimeleta kisu cha mtoto," alisema. "Alikisahau."

"Sikukisahau," binti alisema.

"Basi ulikiacha."

"Nilikiacha. Umekimbia hivyo kwa ajili ya hicho tu, Mjomba?"

"Hicho tu."

"Huna lingine la kusema?"

Aliuliza taratibu, karibu kwa upole. Fundi alijua kwamba anajua, na alijua kwamba anamfungulia mlango apite. Kama wangekuwa wawili peke yao angeyamwaga yote na kulia juu yake. Lakini kusema mbele ya yule! Yule aende kuyasimulia kwa madereva wenzake, Pilipili kaja kuniomba radhi porini!

"Sina," alisema.

Binti alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepokea chenji yake. Akainuka. "Baba, rudi nyuma. Zaidi. Geuka."

"Kuna nini?"

"Geuka tu, Baba."

Alikitoa kisu kwenye ala, akakisimamisha juu ya gogo, akakifunika kwa koti lake zito lililokunjwa, ukabaki mpini tu. Akaokota kipande kinene cha ukuni. Aligeuza uso pembeni kama alivyofundishwa, akapiga mara moja. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, kama kikombe kimeanguka jikoni. Alipoliinua koti, mkononi mwake alibaki na mpini wenye kishina cha chuma, na vipande vingine viwili vilikuwa vimechoma kitambaa na kunasa humo.

Shemeji alikuja akatazama. Alitazama kwa muda mrefu, akahesabu mwenyewe kichwani uso wa nani ungekuwa mahali pa lile koti. Kicheko kilikuwa kimekufa.

"Lakini nilimuuliza," alisema. "Nilimuuliza mbona hukipigi. Akaniambia hakihitaji."

Binti aligeuka. "Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Hapo fundi aliona uso wa mpwa wake ukibadilika, na akaelewa kwamba mpaka dakika ile hakuwa amehukumiwa.

"Mimi nilidhani Baba alikichomoa dirishani wewe ukiwa nyuma," binti alisema. "Nilidhani hujui. Nimekaa hapa nimekikumbatia, nakutafutia sababu. Baba anasema tuwashe moto, mimi namwambia subiri kwanza, funga hema kwanza. Ili usije ukaonekana mbaya. Kumbe ulijua!"

"Mwanangu, nilidhani una chako. Nilitaka tu..."

"Ulitaka nini?"

Fundi alimtazama shemeji yake. Hata sasa, hata pale, lile neno lilikataa kutoka mbele ya mtu yule.

Binti alimsogelea, akakichukua kisu chake mkononi mwa mjomba. Kwa mazoea alipitisha kidole gumba kwenye makali, akaridhika, kisha akampa baba yake. Akamshika mkono, akampanga vidole kwenye mpini, akamwonyesha namna ya kukilaza juu ya ukuni na mahali pa kugonga. Pigo la kwanza lilikwenda kombo. La pili likaupasua ukuni katikati.

Hakuna aliyemwambia fundi akae, wala aende. Alisimama mpaka kusimama kukamwia aibu, akageuka kuifuata njia aliyokuja nayo.

"Mjomba," binti aliita nyuma yake, naye akageuka haraka kuliko alivyotaka. Mpwa wake alikuwa bado ameinamia kuni. "Tukitoka huku Baba atapita kuchukua nguo zangu. Umfungulie mlango. Na ukimfungulia, umwambie mwenyewe. Mimi sitakuwepo kusikia."